Sura ya Saba: Jumamosi Iwe ya Watoto

Ukitaka kujua maktaba ya umma inamtumikia nani, acha kuhesabu vitabu, tazama viti. Katika miji mingi ya Kenya viti hivyo hujaa mapema Jumamosi asubuhi, na waliovikalia ni vijana: watahiniwa wa kidato cha nne, wanachuo, walimu wanaosomea shahada ya pili, makarani wanaojiandaa kwa mitihani ya uhasibu. Wamebeba madaftari yao na vitabu vyao wenyewe. Rafu hawazigusi. Walichofuata ni meza, taa na ukimya, vitu visivyopatikana katika nyumba ya chumba kimoja yenye watu sita na redio. Sina ugomvi nao. Mtoto wa maskini akipita mtihani kwa sababu ya meza ya bure, serikali imefanya la maana. Lakini ukimya huo una gharama, na anayeilipa ni mtoto wa miaka mitano ambaye akisoma husoma kwa sauti, akicheka hucheka kwa sauti, na akishanyamazishwa mara mbili hamwombi tena mama yake ampeleke.

Sura hii ni ya mtoto huyo na jamaa zake, na nimeiweka Mbololo kwa makusudi. Vitabu vingi vinavyowashauri wazazi kuhusu usomaji huandikwa kana kwamba kila familia iko umbali wa dakika kumi kutoka rafu ya vitabu, ina gari, na haina ndovu. Mbololo ni wadi ya eneo bunge la Voi, kaunti ya Taita Taveta. Upande mmoja kuna kilima chenye msitu wa ukungu, upande mwingine nyika inayopakana na mbuga ya Tsavo. Mvua ikikosa, mahindi hukosa, na mvua isipokosa huenda ndovu wakayawahi kabla ya mwenye shamba. Wazazi wa huku hupanga siku kwa kuwafikiria wanyama hao: mtoto asitoke kabla ya jua kuchomoza vyema, na jioni awe nyumbani mapema. Mpango wowote wa maktaba usiozingatia hilo umeandikwa na mtu aliyelala hotelini.

Maktaba zenyewe katika kaunti hii zilitokana na shirika la taifa la maktaba, KNLS, ambalo lilifungua matawi Voi, Wundanyi na Werugha. Shirika liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 na kuanza kazi mwaka 1967, likirithi vitabu na watumishi wa ile Idara ya Fasihi ya Afrika Mashariki iliyoundwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940. Kabla ya idara hiyo Mwafrika aliyependa kusoma hakuwa na pengi pa kwenda. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, yenye nguzo na simba wa mawe, ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee. Kwa hiyo kizazi cha babu zetu hakikuzoea kuingia maktaba, na si ajabu hakikuwazoesha watoto wake. Mazoea hayo inabidi kuyajenga upya, nyumba kwa nyumba.

Mzazi wa Mbololo ana sababu nyingi za kuteremka Voi: hospitali ya rufaa iko huko, soko liko huko, ofisi za serikali, benki, duka la pembejeo. Mara nyingi mtoto huja naye kwa sababu hakuna wa kumwachia. Saa nzima au mbili mtoto hukaa kwenye benchi la nje ya duka akitazama matatu zikipakia, huku akionywa asisogee. Saa hizo ndizo mtaji wa maktaba. Hakuna haja ya kumwomba mama afunge safari maalumu ya kusoma, safari ambayo nauli yake ni sawa na unga wa siku. Kinachotakiwa ni maktaba kuwa kituo kimojawapo cha safari ambayo tayari ipo, na mlango wake uwe wazi kwa mtoto mdogo saa zile ambazo mama yuko mjini, yaani asubuhi hadi adhuhuri, ili wote wapande matatu ya kurudi jua likiwa juu.

Hapo ndipo pendekezo langu linapoanza, na najua litawaudhi baadhi ya wakutubi. Jumamosi asubuhi ukumbi uwe wa familia. Watahiniwa wapewe chumba cha ndani, au darasa la shule jirani, au waanze saa nane mchana. Mikeka itandikwe. Sauti iruhusiwe. Mlangoni pawe na beseni la maji na sabuni, maana mtoto aliyekula embe njiani atashika kurasa kwa mikono ile ile. Mkutubi mmoja tu asiyeogopa kelele anatosha kuiendesha asubuhi hiyo, mradi asiachiwe watoto peke yake. Familia ni pamoja na mtu mzima. Maktaba inayogeuzwa mahali pa kuegesha watoto haiwasaidii kusoma. Mtoto huangalia mtu mzima anafanya nini, na akiona baba yuko nje akibofya simu, anajifunza kwamba kitabu ni adhabu ya wadogo.

Sasa, mtu mzima afanye nini? Hili ndilo swali wazazi wengi huona haya kuliuliza, hasa wale ambao shule yao iliishia darasa la tano au la sita. Jibu si gumu. Mtoto achague kitabu mwenyewe, hata kama ni kile kile cha wiki jana. Watoto hupenda kurudia, na kurudia ndiko kunakowafundisha. Kama ameanza kujisomea, afungue ukurasa wowote wa katikati ausome. Kila neno linalomshinda akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho asomewe, na kingine kitafutwe cha yeye kusoma. Kisha mkubwa na mdogo wakae bega kwa bega, wote waone picha. Mkubwa asome polepole, asimame, aulize: unadhani atafanya nini huyu? Asiharakishe kusahihisha. Na kama mkubwa mwenyewe hajui kusoma, basi mtoto wa gredi ya nne amsomee yeye. Nyanya anayesikiliza kwa makini, akaguna mahali pa kuguna na kushangaa mahali pa kushangaa, anamfaa mtoto kuliko mwalimu aliyechoka mwenye darasa la watoto sitini.

Kenya haijakosa ushahidi kwamba jambo hili lina haraka. Uwezo, shirika lililoanza mwaka 2009 kuwapima watoto majumbani badala ya shuleni, lilipata katika miaka yake ya mwanzo kwamba takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Serikali na wafadhili walijibu kwa mradi wa Tusome, ulioenea katika shule zote za msingi za umma tangu mwaka 2015 na kumpa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, tusiidharau. Ila kitabu cha kiada ni kimoja, na kikiisha kimeisha. Mtoto haji kuwa msomaji kwa kitabu kimoja, kama vile hajui kupika aliyewahi kuinjika sufuria moja tu. Mtaala wa umilisi unataka wanafunzi wafanye kusoma kwa mapana, yaani wajichagulie matini za kila aina nje ya kitabu cha darasani. Umeandikwa vizuri. Haukusema matini hizo mtoto wa Mbololo atazitoa wapi.

Kuna suala la lugha pia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utajiri. Mtoto wa huku huamka katika Kidawida, lugha ya Wataita, hucheza na kununua sukari kwa Kiswahili, na hufanyiwa mtihani kwa Kiingereza. Rafu ya maktaba imejaa Kiingereza, ina Kiswahili kiasi, na Kidawida ni shida kukiona. Wengi hulalamika kwamba wachapishaji wa Nairobi hawawezi kuchapa vitabu katika lugha yenye wasomaji wachache, kwa kuwa hakuna faida. Ni kweli, na haitabadilika. Lakini maktaba haihitaji kumngoja mchapishaji. Yupo bibi aliyeshuka na mjukuu wake, na kichwani ana hadithi ambazo hakuna aliyewahi kuzichapa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Bibi anasimulia kwa Kidawida, watoto wamemzunguka. Msichana wa sekondari anaandika sentensi moja moja, fupi, kila moja katika ukurasa wake. Wadogo wanachora: sungura, fisi, mto, kibuyu. Baba mwenye mwandiko mzuri anaandika Kiswahili chini ya kila sentensi. Kurasa zinashonwa kwa uzi na sindano ya gunia, jalada ni boksi la sabuni. Mkutubi anakipiga muhuri, anakipa namba, anakiweka kwenye rafu pamoja na vitabu vilivyotoka London na Nairobi. Wiki ijayo mtoto anakuja kukiazima kitabu cha bibi yake. Sijui zawadi gani ya kitaaluma inayoweza kushindana na hiyo. Anayetaka kuvuka hatua hiyo kuna African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ambao umeruhusu hadithi zake kuchapwa, kutafsiriwa na kugawiwa bure. Kompyuta moja na printa ya ofisi ya wadi zinatosha kuanza.

Na masimulizi si lazima yawe ya zamani. Juu ya kilima cha Mbololo kuna msitu wa hekta 200 hivi, na ndani yake anaishi ndege anayeitwa na wanasayansi Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, asiyepatikana popote duniani ila katika misitu michache ya vilima vya Taita. Wengi wao wako Mbololo. Katika msitu huo huo huota ua la zambarau, Saintpaulia teitensis, ndugu wa maua ambayo watu wa Ulaya na Marekani huyatunza dirishani kwenye vyungu bila kujua yalitoka wapi. Mtoto wa Mbololo anajua twiga anavyoandikwa kwa Kiingereza, lakini ndege wa kilima chake hajawahi kumwona kitabuni. Asubuhi moja ya Jumamosi, mzee anayeujua msitu, karatasi na rangi: kitabu hicho kipo.

Nchini Uganda wamefanya jambo la jamii hii. Watafiti wawili Wamarekani, Valeda Dent na Geoff Goodman, walipeleka katika maktaba mbili za vijijini mchezo uliobuniwa na Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano anamsimulia mtu mzima hadithi yake, mtu mzima anaiandika kama ilivyotamkwa, kisha watoto wenzake wanaiigiza huku ikisomwa. Nausifu mchezo huu kwa sababu moja: mtoto anaona kwa macho yake maneno yaliyotoka kinywani mwake yakigeuka maandishi, na maandishi yakigeuka tena sauti na miguu. Ukishaliona hilo ukiwa na miaka minne, siri ya kusoma imefichuka. Na hautaki umeme wala intaneti.

Tuje kwenye kero halisi: kuazima. Maktaba nyingi hupenda vitabu vya watoto visomwe hapo hapo, maana vikitoka hurudi vimechanika, au havirudi. Mzazi naye anaogopa faini kuliko anavyoogopa ujinga. Mbuzi akila kurasa tatu, nani atalipa? Matokeo yake vitabu hukaa rafuni vikiwa safi mpaka vinapozeeka. Mimi nasema vitabu vya watoto vihesabiwe kama chaki: vinunuliwe vikijulikana vitaisha. Katika kila vitabu kumi, kaunti iandike mapema kwamba viwili vitapotea mwaka huu, na mkutubi asiulizwe. Faini kwa mtoto ifutwe kabisa. Aliyerudisha kitabu kilichochanika afundishwe kukigandisha kwa gundi na karatasi, hiyo nayo ni shughuli ya familia, tena ya kufurahisha. Wafini wameandika katika sheria yao ya maktaba, iliyoanza kutumika mwaka 2017, kwamba kuazima vitabu katika maktaba za umma ni bure, na maktaba yao kuu ya Oodi mjini Helsinki, iliyofunguliwa Desemba 2018, imewatengea watoto sehemu ya ghorofa ya juu kabisa, yenye mwanga kuliko zote. Nawataja Wafini kwa kuwa si wageni huku: Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake cha utafiti Wundanyi, na watafiti wake wameichunguza misitu ya Taita kwa miaka mingi. Wanaokuja kutusoma wamekulia maktabani. Si vibaya nasi tukawasoma wao.

Lakini wako wasioteremka Voi kabisa. Mama mwenye mtoto mchanga na wengine watatu, baba aliye kibaruani katika shamba la mkonge, mzee asiye na nauli. Kwao jibu ni sanduku. Wala si wazo jipya. Ile idara ya wakati wa ukoloni ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu kwenye shule na vilabu, na kuwatumia wasomaji wengine kwa posta. Mwaka 1996 KNLS ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika vijiji vya wafugaji kule Garissa, ngamia mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema, watoto wakisoma chini ya kivuli hicho. Dunia ilishangilia ngamia, lakini siri ilikuwa sanduku. Maktaba ya Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, ilianza mwaka 1999 kama sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, ikapata jengo mwaka 2004. Walianza na wasomaji, jengo likawafuata. Kwetu tumezoea kinyume: jengo linazinduliwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, halafu ufunguo unakaa kwa mtu ambaye hayupo.

Sanduku la Mbololo lingekuwa na vitabu hamsini: thelathini vya Kiswahili vyenye picha, kumi na vitano vya Kiingereza chepesi, na vilivyosalia ni vile vya kushonwa kwa mkono. Likae wiki nne mahali pamoja, kisha lihamie pengine kwa bodaboda. Pa kuliweka? Mimi ningelianzisha zahanatini, siku ya kliniki ya watoto. Mwaka 1992 huko Birmingham, Uingereza, mpango wa Bookstart ulianza kwa kuwapa vitabu watoto wachanga 300 kupitia huduma za afya na maktaba, kwa sababu kliniki ndiko karibu kila mama hufika. Kwetu pia. Mama anaketi kwenye benchi na kijitabu chake cha kliniki akingoja mtoto apimwe uzito, na kungoja kwenyewe huwa kurefu. Mhudumu wa afya ya jamii amwonyeshe tu: mpakate hivi, mwonyeshe picha hii, itaje. Mtoto wa miezi minane atajaribu kukitafuna kitabu. Aachwe atafune, ndivyo wanavyoanza wote. Baada ya kliniki sanduku liende kanisani, msikitini, na kwenye kikao cha chama cha akina mama, ambako kwa kawaida watoto hufukuzwa wakacheze nje.

Redio nayo isaidie. Mwanedu FM husikika huku na watu huiamini. Hadithi moja ya watoto Ijumaa jioni, kisha tangazo kwamba kitabu chenye hadithi hiyo kimo katika sanduku, itawavuta watoto kuliko bango lolote la maktaba.

Nani alipe? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Hili watu wengi hawalijui, na baadhi ya wanasiasa wetu wamefurahi kwamba halijulikani. Kukabidhi majengo, watumishi na vitabu kutoka shirika la taifa kwenda kaunti kulizua mvutano wa miaka, kila upande ukingoja mwenzake atoe pesa. Wakati wa mvutano huo vitabu vipya havikununuliwa kama ilivyopasa, na mtoto aliyekuwa na miaka minne mwaka 2013 ameshamaliza utoto wake. Sanduku la vitabu hamsini halilingani na bei ya hema na viti vya sherehe moja ya kaunti. Nimewahi kusikia hoja kwamba maji na barabara kwanza. Maji na barabara ni muhimu, lakini kwa hesabu hiyo kitabu cha mtoto kitakuwa cha pili milele, kwa sababu barabara haziishi kutengenezwa.

Kwa hiyo ewe msomaji wa Mbololo, au wa wadi yoyote inayofanana nayo: mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo sheria inaitaka kaunti ikuite utoe maoni yako kuhusu bajeti. Kikao hicho huwa na watu wachache, wengi wao wanaume, na huzungumzia barabara mpaka chai inaletwa. Nenda na mtoto wako. Inuka, mtaje mwakilishi wadi kwa jina lake, uombe mambo mawili yaandikwe katika kumbukumbu: maktaba ya Voi iwe ya familia kila Jumamosi asubuhi, na sanduku la vitabu vya watoto lipande Mbololo mwaka huu. Usiketi mpaka karani ameyaandika.